Nani Aliyeanua Nguo za Mjane?

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa duka la fundi wa runinga, na kila mwenye benchi alijua pa kukaa. Kipeuo, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikaa mwisho wa kulia ili aegemee nguzo ya umeme. Wembe, kinyozi wa kibanda cha pili, alikaa katikati, maana asipokuwa katikati ya maneno huumwa kichwa. Kushoto, karibu na mlango wake mwenyewe, alikaa Fundi Antena, mtu mrefu, mkimya, aliyepewa jina hilo zamani alipokuwa akishinda juu ya mapaa ya watu. Mbele yao, kwenye kigoda, alikaa Mama Buli na jiko lake na kahawa yake, na yeye ndiye aliyekuwa spika wa bunge. Alasiri hiyo palikuwa pia na mgeni, bwana mmoja wa makamo aliyefuata pasi yake. Fundi alimwambia akae, waya mpya ulikuwa bado haujafungwa.

Fundi Antena alikuwa na neno, nalo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Jana yake, Jumapili baada ya chakula, alikuwa peke yake dukani akifungua deki kuukuu ya video aliyoletewa na mteja. Ndani alikuta kanda imenasa. Akabadilisha mpira, akasafisha kichwa kwa spiriti, akaiwasha ili ajaribu, na kwenye kioo ikatokea Nyayo za Vumbi, ile tamthilia ya mauzauza na upelelezi iliyokuwa ikifunga mitaa kila Alhamisi jioni, enzi ambazo runinga moja ilitosha nyumba kumi. Akaiangalia mpaka mwisho. Ilipokwisha alimpigia bintiye aliye mji wa mbali.

“Baba, nina wageni, nitakupigia,” binti alisema. Hakupiga.

Mkewe, ambaye ndiye hasa angemwambia, alikuwa amefariki miezi kumi na moja iliyopita. Basi likabaki benchi.

— Hivi mnaikumbuka Nyayo za Vumbi? akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Ile sehemu ya nguo kambani?

— Weee! Wembe akaruka, nusura amwage kahawa. Ile iliyonifanya nikojoe kitandani nikiwa na miaka kumi na minne?

— Kumi na sita, Kipeuo akasahihisha. Nilikuwa nakufundisha.

— Nguo gani? mgeni akauliza kwa upole.

Kipeuo akageuka kumwelekea. Kwake yeye, mtu asiyejua jambo ni sawa na ubao mweusi uliofutwa vizuri.

— Sikiliza, bwana mkubwa. Kuna mjane, mshonaji, anaishi peke yake. Kila siku anaanika nguo uani, anarudi ndani kwenye cherehani. Akitoka, nguo zimeanuliwa, zimekunjwa, zimepangwa juu ya kiti. Tena zimekunjwa vilevile alivyokuwa akikunja marehemu mumewe: mikono ndani, kola juu. Ua una ukuta pande zote, mlango ni mmoja, na mlango huo ni wa jikoni kwake. Umenipata?

— Nimekupata.

— Ndipo anaitwa Inspekta. Swali la mtihani: nani anaanua nguo?

— Hakuna swali hapo, Wembe akasema. Ni mumewe. Wahenga walisema, zimwi likujualo hukukunjia nguo.

— Halikuli likakwisha! Kipeuo akamsahihisha.

— Sasa likishamaliza kutokula, lifanye nini? Si likunje nguo?

Mama Buli akacheka mpaka kigoda kikalia. Fundi alifungua kinywa, lakini Wembe alikuwa ameshapata upepo.

— Na mimi nakwambieni, si mume mzima aliyerudi. Ni mikono tu. Mtu akifa, kile alichokizoea hakizikwi. Mimi nikifa leo, kesho mtasikia mkasi kibandani, kwa-kwa-kwa, na mteja anatoka kichwa safi hajui kanyolewa na nani.

— Atatoka na mabaka kama kawaida yako, Mama Buli akasema. Tulieni, niwaambie mimi niliyekuwa mwanamke tangu zamani. Aliyekunja ni Inspekta.

— Inspekta?!

— Yule baba alimpenda yule mjane kuanzia siku ya kwanza. Hamkuona alivyokunywa chai yake taratibu? Mwanamume anayepeleleza hamalizi birika. Alikuwa anaruka ukuta, anakunja nguo, kisha anagonga mlango wa mbele kuulizia habari za mzimu. Mtaka cha mvunguni sharti aruke ukuta.

— Ainame, mama. Ainame.

— Ainame huku anaruka. Mapenzi hayana sarufi.

Kipeuo akaweka kikombe chini, akakunja mguu juu ya mguu. Benchi zima lilijua maana yake.

— Nyote mmekosea kwa sababu mmeanza na jibu. Tuanze na tunavyovijua. Je, kuna yeyote anayezungumza na yule mjane, mbali na Inspekta? Hakuna. Kuna anayemshika mkono? Hakuna. Anakula? Hatujaona. Sasa, chukulia mjane ni X. X haongei na mtu, X hali, X hatoki. X ni nini?

— Ni mstaafu, Mama Buli akasema.

Kipeuo akatabasamu kidogo, lakini macho yake yakahamia barabarani na kukaa huko kwa muda. Alikuwa akiishi chumba kimoja nyuma ya bohari ya saruji, na watu walijua alikuwa wa kwanza kufika benchini na wa mwisho kuondoka.

— X ni maiti, akasema hatimaye. Mjane ndiye aliyekufa. Mumewe yu hai, yuko ndani ya nyumba hiyohiyo, anaanua nguo zake mwenyewe kama mtu yeyote. Hawaonani tu.

— Na Inspekta je, anayemwona?

— Naye maiti!

— Basi na mtangazaji maiti! Wembe akapaza sauti. Na sisi tuliokuwa tunaangalia maiti! Mwalimu, ndiyo maana tulifeli hesabu darasa zima!

Wakagonga mapaja, wakacheka, hata mgeni akacheka. Fundi Antena peke yake alikuwa anatazama vidole vyake, vilivyo na makovu madogo ya moto wa risasi ya kulehemu. Akasubiri kicheko kipungue.

— Nimeiona jana, akasema.

— Umeona nini?

— Hiyo sehemu. Nzima. Ilikuwa ndani ya deki ya mteja.

Hata Wembe alisahau kumeza.

— Unasema kweli? Mwisho wake umeuona?

— Nimeuona.

— Na ni mzimu, Kipeuo akasema. Maana wewe, Fundi, ndiye uliyekuwa bingwa wa mzimu. Nakumbuka nikija kwenu, wewe na shemeji mnabishana mpaka chakula kinapoa. Shemeji anasema ni mtu, wewe unasema ni mzimu. Mwaka hadi mwaka.

— Ni jirani, Fundi akasema.

— Jirani yupi?

— Bibi wa nyumba ya pili, yule mwenye mguu mbovu anayepita mara moja tu na mkongojo. Mwishoni wanamwonyesha. Anaweka kigoda upande wake, anapanda, anakaa juu ya ukuta kwanza apumzike, kisha anajishusha upande wa pili polepole. Anaanua shati moja moja. Miaka yote alikuwa akichungulia juu ya ukuta, akimwona marehemu akikunja. Ndivyo alivyojifunza. Akimaliza anapanda jiwe la kufulia la mjane, anarudi kwake. Kazi ya nusu saa kwa mguu ule. Inspekta anamwona, anavaa kofia yake, anaondoka bila kusema kitu.

— Mzimu hakuna? Wembe aliuliza kama aliyenyang'anywa.

— Hakuna.

— Miaka yote hii nimeogopa bibi kizee!

— Basi shemeji alikuwa sahihi, Kipeuo akasema taratibu.

— Alikuwa sahihi.

— Lakini Fundi, Mama Buli akadakia, mbona siku ile sote tuliangalia kwenu? Sisi tuliokuwa nyuma, dirishani, vichwa vya watu vilituziba, tukaondoka kila mtu na lake. Lakini runinga ilikuwa yako. Wewe si ulikuwa mbele kabisa?

Fundi alikizungusha kikombe mkononi. Hili ndilo lililokuwa mwiba. Jirani, Inspekta, na mashati yale yalikuwa nyama tu.

— Sikuwa mbele, akasema. Nilikuwa juu.

— Juu wapi?

— Juu ya paa. Zikiwa zimebaki dakika kumi picha ikaanza kuchezacheza, mnakumbuka mlivyopiga kelele. Nikapanda kuizungusha antena. Mke wangu akasimama mlangoni, akapaza sauti, “Hapo hapo! Usiiachie!” Kila nikiiachia, picha inakufa. Basi nikaishika. Niliishika mpaka nikasikia watu wanapiga makofi, ndipo nikashuka.

— Kwa hiyo mwisho...

— Sikuuona. Niliposhuka, mmoja akaniuliza, “Fundi, umeonaje?” Mtaa mzima unanitazama, mwenye runinga. Nikasema mzimu ule ni hatari. Mke wangu akasema, “Mzimu gani?” Tukaanzia hapo.

— Miaka yote hiyo! Wembe akasema. Fundi, miaka yote hiyo unatupiga kamba, tena kamba ya nguo!

Hakuna aliyecheka sana. Mama Buli alimtazama Fundi, akachukua kikombe chake bila kuombwa na kukijaza.

— Ungemwambia tu, baba.

— Mwaka wa kwanza niliona haya. Mwaka wa tatu ilikuwa imeshakuwa mazungumzo yetu. Mvua ikinyesha hamna kazi, mmoja wetu anaanza tu, “Lakini yule mzimu...” Na jioni inakwisha. Fundi akashusha sauti. Jana mkono wa bibi ulipotokea juu ya ukuta, nikasema kwa sauti, nikiwa peke yangu pale dukani, “Haya mama, umeshinda.” Nikageuka.

Hakueleza aligeuka kutazama nini. Dukani mle hamkuwa na kiti cha pili, walijua wote.

Hapo ndipo yule mgeni wa pasi, aliyekuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, akasogea mbele kidogo kwenye benchi.

— Samahani, wazee wangu. Mimi sikuiona. Nauliza tu. Yule mjane, alikuwa anajua?

— Anajua nini? Wembe akauliza.

— Kwamba si mumewe. Kwamba ni jirani.

Kipeuo akaanza, “Tuchukulie...” akaishia hapo. Mama Buli alikuwa ameinamisha buli juu ya kikombe, lakini kahawa haikutoka. Wote wakamgeukia Fundi.

— Wewe ndiye uliyeona, Mama Buli akamwambia.

Fundi alitaka kusema kweli, walau leo.

— Bibi anapokunja shati la mwisho, akasema, sauti ya cherehani ndani inasimama. Kidogo tu. Kisha inaanza tena. Mjane hatoki nje mpaka bibi amekwisha kuvuka. Sasa sijui uzi ulikatika, au alikuwa anamsubiri amalize.

— Hawasemi?

— Hawasemi. Majina ya waigizaji yanapanda.

Na alipokuwa akisema hivyo, likamjia jambo ambalo jana halikumjia. Mkewe alikuwa na desturi, wakiwa katikati ya ubishi, ya kumuuliza, “Hebu nikumbushe, mume wangu, mwishoni Inspekta alisema nini?” Naye alikuwa anatunga. Mwaka mmoja Inspekta alimwomba radhi marehemu, mwaka uliofuata Inspekta alisoma dua, mwaka mwingine alikimbia akaacha kiatu. Kila mara mke alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema, “Aa, kumbe,” akageukia sufuria zake. Hakuwahi hata siku moja kumwambia, “Mbona mwaka jana ulisema vingine?”

Inspekta hakusema kitu. Alivaa kofia tu.

Fundi Antena aliinuka. Magoti yalilia. Akaingia dukani, na wale wa benchi wakamsikia akifunga skrubu, akichomeka pasi, akingoja ipate moto. Alikawia kuliko kazi ilivyotaka. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, na hakuna aliyeyazungumzia. Wembe alijitia kutafuta sarafu mfukoni ingawa kahawa ilikuwa imekwisha na Mama Buli alikuwa ameshaanza kumwaga majivu.

Akampa mgeni pasi yake.

— Waya huu usiukunje ukiwa na joto, akamwambia.

— Ahsante, fundi. Na lile swali langu, nisamehe kama nimegusa mahali.

— Umegusa, Fundi akasema. Kisha akawatazama wote watatu, na yule wa nne. Mteja anakuja kuchukua deki yake Jumatano. Kesho saa kumi nitaiwasha. Duka langu lina kiti kimoja, kila mtu aje na chake.

— Ili tuone kama mjane alijua? Kipeuo akauliza.

— Hatutaona. Mje tu.

Kipeuo alikuwa wa kwanza kuitikia. Alisema atafika saa tisa.