Taa ya Kulegeza Taya

Benchi la Mama Emérence, muuza kahawa, ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, kwenye kona wanapoegesha motari, madereva wa pikipiki wa Butembo. Wanaolikalia huliita Sénat, kwa kuwa hapo kila jambo hujadiliwa na hakuna linaloamuliwa. Asubuhi hiyo maseneta walikuwa watatu. Vagheni, yaani Dokta Kifagio, alifagia duka la dawa miaka minane akatoka na ujuzi wote isipokuwa diploma. Lusenge, yaani Courant, Umeme, ni fundi wa paneli za jua. Éliakim ni Verset, Aya, maana kila methali anayoiokota sokoni humbandika mfalme Sulemani. Wa nne alikuwa Kasonia, mkulima wa kakao aliyehamia mjini na mke na binti yake baada ya vita kuwafukuza Eringeti, na yeye hakuja kubishana. Mfukoni alikuwa na karatasi ya daktari, na kabla ya saa sita alitakiwa aitie sahihi au aache.

— Papa Rébecca, kahawa inapoa, Mama Emérence alimwambia Kasonia. Mutoto anaendelea aje?

— Anasagaka meno tu, Mama. Akilala, anaanza. Juzi jino ya mbele ilimeguka. Ile mupya.

Rébecca ana miaka saba. Jino la utoto likivunjika wazazi hucheka, lakini hili lilikuwa limeota juzijuzi tu, na halina mrithi. Daktari wa meno, mama mmoja anayetoka Beni, alisema atamwekea taa nyekundu kwenye mataya, dakika chache kila upande, mara mbili kwa wiki, ili misuli ilegee. Hakuwaficha kitu: watoto wengine taa hiyo huwasaidia, wengine hapana, na wataalamu wenyewe bado wanatafuta. Ila orodha ya watoto watakaowekewa taa ingefungwa saa sita, na karatasi ya ruhusa ilitaka sahihi ya baba.

— Taa ya nini? alisema Vagheni. Ile ni minyoo. Dalili ya mvua ni mawingu! Mutoto akisaga meno, minyoo iko mu kikao ndani ya tumbo.

— Nilisha kumupa dawa ya minyoo mara tatu.

— Ulimupa dawa ya minyoo ya Butembo. Yeye alikuya na ya Eringeti. Haisikilizane.

— Dokta, acha, alidakia Lusenge. Mimi niko fundi. Mwangaza ni courant. Ukiingiza courant mu kichwa ya mutoto, itatokea wapi? Paneli inakunywaka jua muchana, giza ikiingia inawakisha. Donc mutoto njo vile. Meno itawaka!

— Itawaka aje? aliuliza Vagheni.

— Akifungua kinywa, bantu ba Oicha kule mbali banaona!

Vagheni alicheka hadi akamwaga kahawa. Kasonia hakucheka. Mtu aliyekaa miezi kule Eringeti bila kuwasha hata kibiriti usiku, nyumba yake isije ikaonekana na wapiganaji wa msituni, mzaha wa namna hiyo haumwingii.

— Sulemani alisema, haraka haraka haina baraka, alisema Éliakim kwa upole wa kanisani.

— Sulemani hakusemaka vile, alisema Mama Emérence.

— Alisema mu Kiebrania, Mama. Mi natafsiri. Na kusaga meno iko mu Injili. Muulize pasta ni pahali gani banasagaka meno. Hapana kwa batoto ba Mungu.

Kasonia aliweka kikombe chini.

— Rudilia.

— Mais yaya, mukubwa wangu, mi nasema tu...

— Rudilia, Éliakim. Mutoto wangu iko na shetani?

— Sikusema shetani! Nasema ile mashini. Taya njo mulango ya ndoto, na ile taa inapiga ndoto photo. Batoto ba kwetu balisha kuona vita, ndoto yao iko na bei kule Ulaya. Ukitia signature, umeuza mutoto. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

— Ile inasema afanye mbio, alisema Vagheni.

— Sulemani alisema zote mbili.

Kasonia alishamkamata Éliakim kola ya shati. Lusenge alijipenyeza katikati, benchi likayumba, na motari wawili wakageuka kutazama. Kasonia alimwachia. Alikuwa na hasira, lakini aibu ndiyo iliyomzidi: upuuzi wote ule alikuwa akiusikiliza kwa hamu, kwani kuuamini kulikuwa rahisi kuliko kushika kalamu.

Ndipo mkewe Jokébed akatokea kutoka kwa daktari, amemshika Rébecca mkono.

— Papa Rébecca, banataka kufunga liste. Na huyu anakatala kupanda ku kitanda.

Rébecca aliwasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili, midomo ikilificha lile jino.

— Mama yangu, unaogopa taa? Mama Emérence alimuuliza mtoto.

— Hapana. Taa haina shida. Mais daktari atanivalisha lunettes nyeusi ya macho, sitaona kitu. Sasa nikifungwa macho, nani atachunga mulango?

Sénat nzima ilimgeukia Kasonia.

«Mimi,» Kasonia alitaka kusema, akajizuia. Siku wale wenye bunduki walipoingia Eringeti, yeye alikuwa Butembo. Kakao ilikwisha kuuzwa tangu jana yake, lakini alibaki siku moja zaidi kwa sababu porojo za benchi hili zilikuwa tamu. Rébecca ndiye aliyewaona wa kwanza, kwenye upenyo wa mlango, akamwamsha mama yake wakakimbia. Mtoto hakuwa akimlaumu. Aliuliza tu, na hilo lilimchoma zaidi.

Kasonia alikunjua karatasi juu ya goti, akaazima kalamu ya Lusenge, akatia sahihi.

— Mama Emérence, uniazime kiti.

— Hii nakalia?

— Hii. Nitaiweka ku mulango ya daktari. Mugongo kwa mutoto, macho inje.

Mama Emérence alisimama, akampa kiti. Rébecca alimtazama baba yake.

— Na hautarudia huku ku benchi mpaka nimalize?

— Hapana, mama. Sitarudia.

Alikitia kiti begani, wakashuka barabara. Rébecca alitangulia na mama yake, akigeuka kila baada ya hatua chache kuona kama kiti kinafuata.