Kona Iliyokosa Rangi

Marehemu, tuliyemzoea kwa jina la Bwana Rangi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa nne wa seremala na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane, mwaka 1964. Hesabu alizijua kuliko mwalimu. Akamwambia hivyo, akachapwa.

Mwaka 1968 aliajiriwa idara ya misitu, kazi yake kupaka rangi nyekundu miti ya kukatwa. Februari 1991 moto uliunguza msitu wa mlimani siku tisa. Mkubwa wake alitaka magogo yatolewe kabla wadudu hawajayala, akampa wiki moja. Desturi ya kazi ni kuchanja gome kwanza: ukiona kijani, mti u hai, uache. Yeye hakuchanja. Aliona masizi, akapaka. Mvua zikaja, miche ikachomoza majivuni, na matrekta yakaburuta magogo juu yake hadi ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Kona moja tu ya bondeni ilipona, kwa kuwa rangi ilimwishia.

Miaka mitatu baadaye kona ile ilikuwa msitu. Kwingine nyasi tupu. Wapasua mbao wakamtania, "Bwana Rangi, kumbe kopo tupu limekuzidi akili!" Alicheka nao. Nyumbani hakugusa chakula.

Alimwoa mshonaji tarehe 7 Septemba 1974. Mkewe alimwambia mara nyingi, "Baba watoto, kosa hilo limezeeka kuliko sisi. Lala." Hakulala. Alipostaafu mwaka 2004, kila Jumamosi alibeba sururu na miche mlimani. Mingi ilikufa. Alirudia.

Kifua kilimwanza mwaka 2019. Januari 2022 moto ukapita tena, ukaibabua ile kona, na kopo la rangi akapewa binti yake, afisa misitu. Marehemu, akiwa kitandani, alimpa kisu chake. "Mwanangu, usiwe kama mimi. Chanja kwanza."

Binti alichanja siku kumi na moja. Mkubwa wake alifoka, kisha naye akachungulia gome, akamwacha aendelee. Idara ilikawia kuamua. Tarehe 3 Juni mwaka huo, asubuhi, binti aliingia na matope miguuni.

"Baba, kijani. Karibu yote. Wameiacha."

"Basi nimechoka, mama. Sasa nitalala."

Alifariki saa tatu.

Ameacha mjane, binti huyo, wana wawili, wajukuu sita, na dada yake mkubwa aliyeandika haya.

Lala kwa amani, Bwana Rangi. Kona imesimama.