Damu Niliyodhani ni Baraka

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu na mabinti, nawasalimu kwa jina lake aliyenisimamisha hapa. Nitasema mambo yasiyozoeleka kanisani. Kina baba mnivumilie.

Mnajua sikujaliwa mtoto. Niliolewa hapa Akheri nikiwa msichana, nikangoja mpaka hedhi ikakoma, nikakubali yaishe. Miaka ikapita. Siku moja nachuma kahawa kati ya migomba, damu ikarudi.

Ndugu zangu, nawaambia, sikuogopa. Nilifurahi! Nilipiga magoti palepale mgombani, nikamtaja Sara wa Ibrahimu. Ikawa inakuja bila mpangilio. Matiti yakajaa, tumbo likaanza kutoka. Mume wangu, mtu mzima yule, akanikataza hata kubeba majani ya ng'ombe. Mnacheka? Chekeni tu. Wakati huo mimi nilishaanza kutafuta jina.

Wifi yangu wa Njiro alipokuja kutusalimia, akaliangalia tumbo. "Wifi, na damu bado inatoka?"

"Inatoka."

"Sara alipata mimba, wifi. Hatukusoma popote kwamba alitokwa damu. Kesho twende hospitali."

Nilimchukia. Nikamwambia yeye ana watoto wanne, aniachie wangu mmoja. Alilala kwetu, na asubuhi akanishika mkono tukaondoka.

Kipimo cha picha kilionyesha mji wa mimba hauna kitu. Uvimbe ulikuwa kwenye ovari, pale yanapokaa mayai ya mwanamke. Nililia msiba. Nilimlilia mtoto kabla sijaanza kujililia mwenyewe.

Nikapasuliwa, uvimbe ukapelekwa maabara. Majibu yalipotoka, daktari, binti mpole sana, akatukalisha mimi na mume wangu. Akasema ni saratani ya ovari, ila ya aina isiyoonekana mara kwa mara. Uvimbe wenyewe hutengeneza homoni za kike, ndiyo maana damu ilirudi.

"Mwanangu, nitapona?"

"Mama, aina hii hukua polepole, na yako tumeiwahi kabla haijasambaa. Wengi wa namna yako wanaishi. Ila ina tabia ya kurudi, hata baada ya miaka mingi. Usiache kliniki, hata ukijiona mzima."

Kwa hiyo sisemi yamekwisha. Kila nikienda kupimwa, roho inanidunda. Lakini niko hai, nalima, nakula.

Asante wifi yangu, uliyekubali kuchukiwa. Asanteni kina mama mliokamua ng'ombe wangu na kuniletea loshoro ya mahindi na maziwa mgando nilipokuwa siwezi kusimama jikoni.

Na ninyi ambao hedhi imeshakoma, damu ikirudi, hata tone, nendeni hospitali. Maombi tutaomba tukiwa njiani.

Siku ile ya majibu nilimwambia mume wangu anisamehe, sina tena mtoto wa kumpa. Alifuta macho kwa kofia yake. Kisha akasema, "Nilikuoa wewe. Na wewe ndiye niliyerudishiwa."

Naomba nikae.