Jordan Nathanaeli Matonya: Aliyeirudia Barafu Ikipasuka

Ndugu yetu Jordan Nathanaeli Matonya alizaliwa tarehe 9 Machi 1989 huko Hombolo, Dodoma. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Nathanaeli Matonya, mvuvi na mkulima wa mtama, na Mama Anyesi.

Mwaka 2001, Jordan akiwa darasa la tano, kiboko aliibuka chini ya mtumbwi aliopanda na baba yake bwawani Hombolo na kuukata vipande viwili. Kisha akamkamata Mzee Nathanaeli kifuani. Jordan aliogelea hadi kwenye matete, akageuka, akarudi kwenye maji yaliyokuwa mekundu, akamkokota baba yake kwa ukosi wa shati. Mzee alikuwa ameshakata roho. Waliofika ufukweni walilazimika kumbandua mtoto vidole ili aachie lile shati.

Watu walidhani hatayasogelea maji tena. Yeye alimaliza sekondari, akaenda kusomea viumbe wa majini chuoni Chimwaga, akahitimu mwaka 2013. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa afisa uvuvi, akapangiwa Bwawa la Mtera. Asubuhi moja ya Agosti 2016, watu waliokuwa wakivuta kokoro, wavu uliopigwa marufuku, walimzingira ndani ya boti na kumpiga kwa makasia. Walimvunja taya, na sikio la kushoto halikusikia tena. Naye hakuwa mnyonge: alimvunja mmoja wao mkono kabla hajaanguka. Mchumba wake, Devota, alimwambia wodini, "Tafuta kazi ya mezani." Akajibu kwa shida, taya limefungwa waya, "Mezani samaki hufika wakiwa wamekaangwa."

Walifunga ndoa tarehe 7 Oktoba 2017, wakaishi Kikuyu, Dodoma mjini. Mungu aliwajalia watoto wawili, Anitha na Eliakimu.

Septemba 2022 Jordan alikwenda Ufini kusomea samaki wa maziwa ya baridi. Huko alijifunza kuvua wakati ziwa limeganda: unatoboa barafu kwa keekee, unashusha ndoana katika tundu hilo, unakaa juu ya ndoo na kusubiri. Siku moja alimpigia mama yake simu ya video akiwa katikati ya ziwa.

"Jordan, umesimama juu ya maji?"

"Ndiyo, mama. Magumu kama sakafu."

"Nani amekuambia?"

Akamwonyesha mtaimbo wake. Alieleza kwamba kila hatua anagonga kwanza. Pakilia kavu anapita, pakiitika kama debe anarudi. Barafu nyeusi, inayong'aa, ikifika unene wa vidole vinne inambeba mtu. Nyeupe yenye theluji ndani ni dhaifu, haiaminiki. Mto unapoingia ziwani hapakanyagwi kabisa, kwa sababu maji yanailamba barafu kutoka chini. Shingoni alivaa misumari miwili yenye mipini, ili mtu akizama aikite kwenye barafu na kujivuta nje.

Mama Anyesi alisikiliza yote, kisha akasema, "Nimekuelewa. Sasa toka hapo."

Marehemu hakuugua. Jumamosi tarehe 15 Machi 2025 alikuwa ziwani na Abdulrahim Hasani, mwanafunzi mwenzake kutoka Kondoa. Abdulrahim, mgeni wa kazi hiyo, alisogea upande wa mto. Barafu ilipasuka kwa mlio kama wa bunduki, naye akazama hadi kidevuni. Kila aliposhika ukingo wa barafu, ulimkata viganja na kumegeka. Jordan alilala kifudifudi, akatambaa hadi karibu, akavua misumari yake shingoni na kumsukumia. Abdulrahim aliikita, akajivuta nje huku damu ikimtoka. Hapo kipande alicholalia Jordan kikavunjika. Mkondo ukamvuta chini ya barafu. Abdulrahim alimwona kupitia barafu, akiipiga kwa ngumi. Aliipiga na yeye kutoka juu mpaka mfupa wa kiganja ukavunjika. Waokoaji waliupata mwili kesho yake.

Abdulrahim ameusindikiza mwili hadi hapa. Juzi aliingia kwa Mama Anyesi, mikono yote ina bandeji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Alikujia mwenyewe, au ulimwita?"

"Sikumwita, mama. Nilimwambia arudi. Alinifokea ninyamaze, nipokee misumari."

"Basi nawe ni wa nyumba hii," mama alisema. "Utatia udongo pamoja na ndugu zake."

Marehemu ameacha mama yake, Anyesi; mjane wake, Devota; watoto wake, Anitha na Eliakimu; mdogo wake, Penina, anayewasomea haya; na Abdulrahim, ambaye mama ameagiza aandikwe hapa.

Leo, tarehe 29 Machi 2025, tunamlaza Jordan katika udongo mkavu wa Hombolo. Apumzike humo kwa amani. Hakuna tena mtu wa yeye kumwokoa.