Printa za Injinia wa Jalala

Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, nami nakaa mwisho wake na jiko la makaa na birika. Wanywaji kahawa yangu ni wengi, ila wenye benchi ni watatu. Yupo Kinyozi, ambaye wateja humfuata hapo hapo benchini maana dukani kwake hapatikani. Yupo Karani, aliyestaafu kazi ya bohari lakini hajastaafu kusahihisha watu. Na yupo Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa kitu chochote. Alikuwa mlinzi kwenye ofisi moja kubwa, akawafungulia wakubwa lango mpaka sauti zao zikamhamia kooni. Watatu hawa hawana wanachokijua, na hawana wasichokisemea.

Mwaka huu walipata mtu wa kumtafuna. Alipanga chumba cha uani, nyumba iliyo nyuma yetu. Mtu mzima, mpole, shati lake amelifunga vifungo mpaka shingoni. Kazi yake kupaka rangi majumba, na siku asizopata kibarua alipitia jalala la nyuma ya maofisi, akarudi na mizoga: redio, deki za video, kompyuta zilizokata roho, na zaidi ya vyote, printa. Alikaa mlangoni kwake na bisibisi, akazifungua moja moja. Alitoa mota, chemchemi, nyaya na vigurudumu vya mpira, akavipanga kwenye makopo matupu ya rangi. Maganda aliyarudisha jalalani, na uani alipafagia. Waziri akambatiza Injinia wa Jalala, na jina likashika kuliko lile alilopewa na mama yake.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alisema ndani ya hivyo vibao vya kompyuta kuna dhahabu, na huyu bwana anaikusanya kimya kimya, siku moja tutaamka tumkute na ghorofa. Karani akasema dhahabu yenyewe ni chembe, hata jino haizibi. Kwa maoni yake, mtu anayekusanya nyaya na mota anaunda kitu cha kunasa mazungumzo ya watu. Nikamuuliza mazungumzo ya nani, haya yenu? Waziri alikuwa anangoja zamu yake, maana mkubwa husema mwisho.

— Tumieni akili. Mtu mmoja, printa gunia zima. Printa kazi yake nini?

— Kuchapa, akasema Karani.

— Kuchapa nini?

Waziri akashusha kikombe polepole, kama anayetia sahihi.

— Noti.

Tangu siku hiyo kijiwe kilipata chakula. Injinia mwenyewe alikuja kunywa kahawa kila alasiri, na alikunywa kasimama, kwa kuwa hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Waziri alimuuliza mbele ya watu anaunda nini, ndege? Akajibu kwa upole kwamba ni kitu cha kaka yake. Karani akataka kujua kwa nini simu yake haipatikani. Akasema aliifungua, alihitaji betri yake. Walicheka mpaka Kinyozi akajimwagia kahawa mapajani. Mtu aue simu yake nzima ili afufue takataka! Alipoondoka, kicheko kikageuka ushahidi.

— Asiyetaka kupatikana ana anachokificha, akasema Waziri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu si kila siku tunamwona ameinama jalalani?

Hata Karani, anayesahihisha kila mtu, hiyo aliimeza nzima.

Yangeishia kwenye soga tu, kama mambo yao yote yanavyoishia, ila siku moja mwenye nyumba alikuja kunyolewa. Huyo anamwogopa askari kuliko anavyomwogopa Mungu. Kichwa kikiwa nusu kimenyolewa nusu bado, Waziri akamnong'oneza kwa ile sauti yake ya ofisini. Noti, akasema. Ndani ya nyumba yako. Wakija, watakubeba wewe kwanza. Nilimuuliza Waziri hizo noti ameziona wapi.

— Mama, lisemwalo lipo.

— Na kama halipo?

— Laja.

Kinyozi akaongeza kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mwana ni nani hapo, na anayelia ni nani, hakufafanua. Mwenye nyumba akainuka na kichwa chake cha nusu, akaenda moja kwa moja uani. Aliingia chumbani, akapekua, akakuta makopo ya vigurudumu na kitanda kilichotandikwa vizuri. Noti hakuikuta hata ya kununulia chumvi. Lakini hofu ikishaingia haiombi risiti: akamwambia ahame.

Alihama asubuhi, vitu vyake vyote vimejaa mkokoteni mmoja, makopo ya rangi juu, godoro chini. Alisimama kwangu kurudisha kikombe changu alichokuwa amebaki nacho, amekiosha. Nikammiminia, akanywa kasimama, akanishukuru. Watatu wale walikuwa wamekaa pale pale. Kinyozi akasema mgeni njoo mwenyeji apone, wakacheka, na mkokoteni ukakata kona.

Wiki hiyo hiyo alikuja mwanamke mwenye kikapu kikubwa, jasho linamtiririka. Alitusalimia mmoja mmoja. Alisema anamtafuta shemeji yake, fundi rangi, anayekaa hapa nyuma, anayependa kufungua mashine mbovu. Hajamwona tangu mwezi uandame, na simu hana. Waziri akachangamka, akamsogezea nafasi benchini, akamuuliza kwa upole wa kinafiki kama na yeye ameleta printa.

Akatoa mzigo wake kikapuni, akauweka juu ya ubao. Ilikuwa fremu ya mbao, imefungwa mota na nyaya, na kigurudumu cha mpira kimening'inia juu yake. Akatoa kitabu, akakifungua, akakilaza pale. Kisha akabonyeza kitufe kilichotolewa kwenye kipanya cha kompyuta. Kigurudumu kilishuka juu ya karatasi, kikazunguka, karatasi ikainuka kidogo kama inayotaka kuamka. Mkono mwembamba wa deki ukaja uipitie chini. Karatasi ikateleza, ikalala tena.

— Mpira umeisha, akasema. Ulikuwa unageuza vizuri kabisa.

Akatueleza bila kuombwa. Mume wake na huyo shemeji walikuwa mafundi rangi pamoja. Mkubwa ndiye aliyemfundisha mdogo. Mkubwa alianguka kutoka kwenye jukwaa la kupakia rangi, shingo ikaumia, na tangu hapo mikono haimsikii. Akili ni nzima na macho ni mazima. Anachopenda duniani ni kusoma. Mdogo wake alihangaika na mipira ya printa, kila mmoja na unene wake, mpaka akapata uliofaa. Mgonjwa hubonyeza kitufe kwa kidevu, na karatasi hugeuka.

— Mimi nafanya usafi shuleni, natoka alfajiri, akasema. Nikiwapo namgeuzia mwenyewe. Nikienda kazini, anabaki na ukurasa ule ule mpaka nirudi.

Karani aliunyosha mkono kuigusa ile fremu, akaurudisha. Kinyozi alikuwa anapangusa mkasi usio na uchafu. Mwanamke akauliza nyumba ya shemeji ni ipi kati ya hizi. Ikabidi nimwambie amehama.

— Amehamia wapi?

Akamtazama Karani, akamtazama Kinyozi. Waziri alinyanyua kidole, vile anavyonyanyua methali inapomjia, kidole kikakaa hewani, kikashuka. Watu wanaojua dhahabu iliyo ndani ya mashine na noti zilizo chini ya vitanda, hawakujua hilo. Hakuna aliyemuuliza Injinia alipokuwa anahama.

Mwishowe Waziri alikohoa.

— Mama, hebu niongezee kidogo.

— Kahawa imekwisha.

— Mbona birika linafuka?

— Imekwisha, nimesema.

Nikamwaga maji kwenye makaa, nikaomba radhi kwa mgeni kwa ule moshi. Alirudisha mashine kikapuni, juu yake kitabu. Nikashika mkono mmoja wa kikapu, yeye akashika wa pili, tukaenda kituo cha mikokoteni kuuliza nani alibeba makopo ya rangi.