Marehemu Nyamai Kivuva na Matumbawe ya Bintiye

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Mwingi, na nyinyi mliotoka Kilungu kabla ya jua kuchomoza, familia inawasalimu na kuwaomba mvumilie kusikiliza maisha ya mtu ambaye yeye mwenyewe hangekaa kwenye hema hili dakika kumi bila kuinuka kwenda kuangalia kitu.

Nyamai Kivuva alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika vilima vya Kilungu, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Kivuva na marehemu Mama Wavinya, akasoma shule ya msingi huko huko nyumbani kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza sekondari 1975, akajifunza kazi ya maabara Nairobi, na Januari 1979 akaletwa Mwingi kuwa fundi wa maabara katika shule ya sekondari, kazi aliyoishika hadi alipostaafu Machi 2017. Mliopita mikononi mwake mnakumbuka alivyozunguka nyuma ya meza zenu kama kuku anayetafuta pa kutaga, na mnakumbuka pia kwamba ungevunja chupa angekusamehe, lakini ukiandika kipimo ambacho hukukipima, ole wako.

Alifunga ndoa na Syombua tarehe 18 Agosti 1984, wakajaliwa watoto wawili, Mulei mwaka 1986 na Kasiva mwaka 1990. Kasiva alikwenda Pwani akafanya kazi na wafugaji wa samaki wa mapambo, na alipopata kazi Doha, tarehe 9 Septemba 2018, alimwachia baba yake tangi la kioo refu kama meza ya kulia, lenye maji ya bahari na aina kumi na moja za matumbawe, wale viumbe wanaofanana na maua na kumbe ni wanyama, wanaojenga nyumba zao kwa kalsiamu wanayoitoa ndani ya maji. Alimwomba amtunzie miaka miwili tu, na kila Jumamosi ampigie simu kumsomea kiasi cha chumvi na kiasi cha kalsiamu.

Sasa familia inafika mahali ambapo marehemu aliagiza pasirukwe, naye aliyeagizwa ni ndugu yake mdogo Mwau, ndiye anayewasomea. Maji ya tangi yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo Kasiva alikuwa ameagiza yaongezwe maji ya mvua, lakini Oktoba hiyo mvua ilikuwa haijafika, tangi la nje likabaki na tope, na Nyamai akawaza jinsi mtu yeyote wa hapa angewaza, kwamba kisima chetu kina chumvi, bahari ina chumvi, shida iko wapi. Akajaza maji ya kisima, yale yale ambayo sabuni haitoi povu, siku kumi mfululizo, na siku ya kumi na moja matumbawe yalikuwa meupe kama mifupa, yote isipokuwa kipande kimoja cha kijani, kidogo kama ukucha. Mtu aliyefundisha wanafunzi miaka thelathini na minane kwamba chumvi si moja, alikaa chini sebuleni akalia, na Syombua ndiye shahidi.

Hakumwambia Kasiva. Alipiga picha kile kipande kutoka kulia, kutoka kushoto, kutoka juu, Syombua akimshikia tochi na kumgombeza, akazituma Doha moja moja, na kuanzia hapo hakutulia tena. Aliomba maji ya mvua kwa jirani yetu Mama Timiro, ambaye duka lake lina paa kubwa, mumewe Hared akamletea kwa lori kutoka Mombasa chumvi ya pakiti, ile ya kutengenezea maji ya bahari, na kila kile kipande kilipokua alikikata na kukigandisha kwenye jiwe jingine. Alitoka kanisani katikati ya mahubiri kwenda kupima, mchungaji anajua, na kwenye ntheo ya Mulei, sherehe ya kuwapelekea wakwe mbuzi wa posa, kule Kikima mwaka 2021 aliondoka kabla mbuzi hawajakabidhiwa, aibu ambayo wakwe wamekubali kuisahau leo. Ile miaka miwili ilipita, kazi ya Doha ikaendelea, na Kasiva alipoandika kwamba angekuja Krismasi ya 2022, baba yake alipoteza hamu ya kula, na likizo ilipokataliwa alifurahi, kisha akajichukia kwa kufurahi. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, naye alilijua hilo vizuri.

Marehemu alikuwa na presha kwa miaka tisa. Tarehe 28 Januari 2025 alianguka kando ya tangi akiwa anapima, akalazwa siku tisa, akamwandikisha Mwau hayo mliyoyasikia, akisema Kasiva ayasikie mbele ya watu kwa sababu yeye ameshindwa kumwambia, na siku ya Alhamisi, tarehe 6 Februari, saa tatu asubuhi, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Kasiva alifika Jumanne, na juzi jioni familia ilipomsomea karatasi hii kwanza, ili asije akaaibika hapa, alisikiliza hadi mwisho, akaomba iongezwe. Anasema alijua tangu Novemba 2018. Picha zilimdanganya, lakini baba yake hakuweza kumdanganya kwa vipimo, kwa kuwa katika tangi lenye uhai kalsiamu hushuka kila wiki, na yeye kila Jumamosi alisomewa tarakimu ile ile, bila kupungua, akaelewa kwamba hakuna anayekula tena mle ndani. Mwaka 2020 tarakimu zikaanza kushuka, kidogo kidogo, naye akiwa peke yake chumbani Doha akajua kwamba kuna kitu baba amekifufua, akafurahi mno. Alinyamaza akidhani anamtunzia baba yake heshima, na anasema kwamba neno moja tu kutoka kwake lingempa mzee huyu usingizi wa miaka sita, na hilo ndilo linalomliza, wala si matumbawe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia siku zile tisa, Hared na Mama Timiro ambao maji ya paa lao ndiyo yamewapikia nyinyi chai leo, walimu wenzake na wanafunzi wake wa zamani, kanisa, na kila jirani aliyekesha nasi.

Nyamai, kaka yangu, mtoto alijua, na hakukukasirikia hata siku moja. Sasa lala. Pumzika kwa amani.