Maziwa Yaliyopitia Kwenye Ngozi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni polepole tu, mtoto amelala hapa mgongoni.

Wengi mnanijua, mimi ni Mama Chebet, tunakaa kule juu upande wa Olenguruone kwenye boma la ng'ombe wa maziwa. Hata chai mnayokunywa hapa baada ya ibada, maziwa yake yanatoka kwetu. Anayetaka muujiza wa kupiga makofi leo atanisamehe.

Chebet alizaliwa msimu wa baridi. Mnaijua baridi ya Mau, inapasua hata visigino vya wazee. Kabla hajajua kukaa, ngozi ya mashavu na ya nyuma ya magoti ilikuwa imepasuka, inatoa maji. Alijikuna mpaka shuka likawa na damu. Gogo wake, yaani mama ya mume wangu, akafanya kile nyanya wa kwetu wamefanya tangu zamani. Aliengua malai ya maziwa ya asubuhi, akayapasha joto kwa viganja vyake, akampaka mwili mzima akimwimbia. Asubuhi na jioni. Ndugu zangu, kama kuna mtoto amewahi kupendwa kwa mikono ya binadamu, ni huyu!

Ngozi ikazidi. Tukaongeza malai, ikazidi tena. Watu wakaanza maneno yao, eti ni jicho baya, eti ni laana nimetoka nayo kwetu Kiamunyi. Nilifunga, nikaomba, nikalia mpaka sauti ikakauka. Ilifika siku nikamwambia Mungu, kama humponyi basi mchukue apumzike. Nilimaanisha.

Alipofika umri wa kuonja chakula, Gogo akamtolea mursik kwenye kibuyu chake mwenyewe. Kwetu maziwa hayo ya kulala, yaliyoganda kibuyuni, ni heshima, ni kumkaribisha mtoto nyumbani. Akalamba kijiko kimoja, Gogo akacheka. Kabla hatujafunika kibuyu, midomo ikavimba, vipele vikatapakaa, akatapika, kifua kikaanza kupiga filimbi. Kisha akalegea mikononi mwangu. Yesu wangu!

Gari la kukusanya maziwa lilikuwa linapita. Dereva akashusha mitungi kando ya barabara bila kuuliza swali, tukapanda. Nilimshika mtoto anayekufa kwa maziwa, ndani ya gari linalonuka maziwa, wala sikujua. Sikuomba. Hospitalini wakamdunga sindano ya paja, na polepole pumzi ikarudi.

Baadaye daktari wa watoto mjini Nakuru akaniuliza, "Mama, hii ngozi mmekuwa mkipaka nini?" Nikamwambia.

"Sikia, mama. Chakula kikipitia tumboni, mara nyingi mwili hukipokea kama mgeni amebisha hodi. Kikipenya kwa ngozi imepasuka, mwili unaweza kudhani ni mwizi ameingia na dirisha. Siku ile anakuja kwa mlango, ushamjua kama mwizi, unapiga nduru mwili mzima. Hiyo ndiyo mliona. Si laana. Na huo ugonjwa wa ngozi si nyinyi mliuleta."

Nilirudi nikamweleza Gogo, yote, hata hilo la mwisho. Nafikiri hilo la mwisho hakulisikia. Alitazama viganja vyake, akasema, "Kumbe ni hii mikono."

Tangu siku hiyo hajamshika mtoto. Chebet akitambaa kumwendea, Gogo anainuka anatoka nje. Tunapaka mafuta ya hospitali na ngozi imetulia, lakini nyumba imekuwa kama ya matanga. Baba yake akitoka kukamua hamgusi mpaka aoge na kubadilisha nguo. Daktari anasema kuna watoto huacha hali hii wakikua, na kuna wasioacha. Wetu je? Sijui! Kila nikiona kikombe cha chai karibu naye, namnyakua.

Mtaniuliza, sasa umeokolewa nini? Pumzi. Hii mnayoisikia hapa mgongoni. Sina ushuhuda mwingine. Nilimwomba Mungu amchukue, naye akakataa kunisikia. Asifiwe kwa kukataa!

Mtumainini huyo, ndugu zangu, hata kama mioyo yenu imekauka kama wangu. Na leo mkishakunywa chai, naweni kwa sabuni kabla hamjamgusa mtoto.

Gogo, nakuona hapo nyuma karibu na mlango. Usitoke. Maji yako hapo nje, na sabuni nimeiweka. Nawa, uje umtoe mtoto mgongoni. Nimechoka kumbeba peke yangu.